Kompyuta ya Mang Poncing na Maji ya Baraka

Ponciano Lagasca, kinyozi wa mtaa wa Kamias, ambaye sote tulimwita Mang Poncing kwa heshima ya mvi zake, hakuwa amewahi kumiliki kitu kisichobarikiwa na padri. Friji ilibarikiwa. Feni zilibarikiwa. Kiti cha kunyolea kilibarikiwa kiliponunuliwa, na kilipobadilishwa ngozi kikabarikiwa upya, maana Ate Luming, dada yake mkubwa aliyekuwa akikaa naye, alisema baraka za mwanzo ziliondoka na ngozi ya zamani. Hakuna aliyeona ajabu. Kitu kipya kikiingia nyumbani, padri anaitwa, tambi zinapikwa, watu wanakula, kitu kinaanza kazi. Naliweka hili mbele mapema ili mtu asije akaniuliza huko mwishoni ilikuwaje watu wazima wenye akili timamu wakairushia maji kompyuta inayowaka. Tuliirushia kwa sababu ilikuwa mpya.

Na mzee wa umri wake hanunui kompyuta ya gemu kwa sababu ya gemu. Alinunua kwa sababu ya binti yake, Dalyn, nesi wa Riyadh.

Dalyn alikuwa akipiga simu kila Jumamosi. Mazungumzo yao ungeweza kuyakariri.

"Umekula, baba?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula. Presha?"

"Iko sawa."

"Shangazi?"

"Anakusalimu."

Halafu kimya. Unasikia tu kiyoyozi cha Riyadh kikivuma upande wa pili, na upande huu jogoo wa jirani, ambaye hakuwa na saa maalumu ya kuwika. Baada ya hapo Dalyn angesema, haya baba, ngoja nipumzike kidogo, na Mang Poncing angebaki anaitazama simu kana kwamba imemdhulumu.

Zamani haikuwa hivyo, kwa sababu zamani aliyekuwa akiongea ni mama yake Dalyn, Milagring. Yeye aliongea kwa niaba ya nyumba nzima, na baba na binti walikuwa wasikilizaji. Milagring akafariki. Dalyn aliomba ruhusa kazini, hakupewa. Siku ya maziko Mang Poncing alisimama kaburini ameinua simu juu ili mtoto aone kutoka kule aliko, na jeneza lilipoanza kushushwa, simu ikakatika. Alipopiga tena haikuita. Alijua moja kwa moja kosa ni lake: vocha imeisha. Alikuwa na laini moja tu, na alisahau kuiongeza. Tangu siku hiyo alitembea na simu mbili, laini mbili, zote zimejaa vocha, na hakumwambia mtu sababu. Dalyn naye hakuuliza. Miaka miwili walizungumzia presha.

Kulikuwa na mahali pamoja tu duniani ambapo Dalyn alikuwa akiongea. Alipokuwa sekondari, kumpare wake Mang Poncing, Tikyo, baba wa ubatizo wa Dalyn, alikuwa na kibanda cha kompyuta zile za kutumbukiza peso: unaweka sarafu, unacheza dakika chache, inajifunga, unaweka nyingine. Jioni Mang Poncing akifunga duka alichukua sarafu za siku katika kopo la maziwa, akaenda kukaa kwenye benchi kando ya binti yake. Kazi yake ilikuwa kutumbukiza. "Peso, baba!" Dalyn alikuwa akipiga kelele bila kugeuza macho, na baba anatumbukiza. Na wakati mikono ya yule mtoto imeshughulika na kukata miti na kuua nguruwe mwitu, mdomo wake ulifunguka wenyewe. Ni kwenye benchi lile alipomwambia baba yake kwamba amefeli hesabu. Ni pale aliposema kuna kijana wa Cubao, na baadaye kwamba kijana wa Cubao ni mjinga. Ni pale aliposema anataka kuwa nesi na kwenda mbali. Mama yake alikuwa akiyapata yote hayo kutoka kwa baba, usiku, kama taarifa ya habari.

Basi Jumamosi moja, baada ya presha na kabla ya kupumzika kidogo, Dalyn akasema, "Baba, lile gemu letu limetengenezwa upya. Nacheza na wenzangu wa wodini."

"Nguruwe bado wapo?"

"Wapo, wamenenepa. Baba, ungekuwa na kompyuta tungeingia pamoja." Akacheka kidogo, halafu sauti ikashuka. "Lakini Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu ndiyo yangu ya mwisho. Baada ya hapo wananipa zamu za wikiendi mpaka mkataba uishe. Hatutapatana kirahisi."

"Jumamosi ya mwisho," Mang Poncing akasema, "saa kumi na moja jioni za huku. Nitaingia."

"Baba, nilikuwa natania."

"Mimi sitanii."

Pesa zilikuwepo, kwa namna. Zamu yake ya upatu ilikuwa imefika, na mtaa mzima ulijua upatu ule ulikuwa wa paa. Ate Luming alimtolea uvivu pale pale mbele ya mteja mwenye sabuni kidevuni.

"Paa linavuja, wewe unanunua gemu! Poncing, umerogwa?"

"Paa linavuja mvua ikinyesha tu, Ate."

"Hii ni Juni, mwezi wa mvua!"

"Basi tuna ndoo."

Kesho yake akafunga duka, akaenda Gilmore na kumpare Tikyo. Gilmore kila mlango ni duka la kompyuta, na desturi ya pale ni kwamba huwezi kununua kwenye duka la kwanza hata kama lina kila kitu. Lazima uingie yote, uulize bei, uguse maboksi, useme "nazunguka kwanza," kisha jasho likikutoka urudi pale pale ulipoanzia, na muuzaji akupokee kama vile hamjawahi kuonana. Walizunguka. Walirudi kwa Weng, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kupachika kichwani, ambaye alikuwa amekwisha kuwatolea viti kabla hawajaingia.

"Karibuni, wazee. Bajeti?"

Mang Poncing akaitaja. Weng hakucheka, akavuta pumzi tu na kushusha miwani.

Tikyo ndiye aliyeanza kuharibu. Kibanda chake kilikwisha kufungwa, lakini alijiona bado mtaalamu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kasha lenye ubavu wa kioo na feni za kuwaka rangi saba, akaliinamia kama anamtazama mjukuu aliyezaliwa.

"Kumpare, hili. Angalia! Linapumua!"

"Hizo taa zinaongeza kasi?" Mang Poncing akamuuliza Weng.

"Haziongezi, Mang Poncing. Zinaongeza furaha."

"Furaha ninayo. Toa."

"Lo, wewe mtu mkavu," Tikyo akasema. "Hata jeneza lako utachagua la mbao za kreti."

"Zikiwa kavu, kwa nini nisichague?"

Wakaja kwenye pawasaplai, kile kisanduku cha kuileta nguvu ya umeme ndani. Kasha la bei rahisi lilikuja nacho bure. Weng alikitoa akamwekea Mang Poncing mkononi. Kilikuwa chepesi kama mkate wa asubuhi. Mang Poncing aliwahi kupewa chaja ya bure ya namna hiyo kwa mashine yake ya kunyolea, ikatoa moshi kando ya sikio la diwani, na diwani hakurudi tena. "Nipe kizito," akasema. Weng akampa kizito. Kile kilikula fungu nene la bajeti, na Tikyo akashika kichwa.

"Hicho hata hakionekani! Kinakaa chini huko gizani!"

"Figo zako zinaonekana?"

Lakini ubishi wenyewe ulikuwa kwenye prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Weng alikuwa nazo za aina mbili, kasi ile ile. Moja inaweza yenyewe kutoa picha kwenye skrini, hafifu tu. Nyingine haiwezi kabisa, inategemea kadi ya picha, na kwa hiyo ni rahisi zaidi.

"Chukua hii isiyo na picha," Weng akasema. "Kadi ya picha si unanunua? Ya nini kulipia picha mara mbili? Wote wanaocheza gemu wanachukua hii. Tofauti yake tunaitupa kwenye kadi nzuri zaidi."

"Kadi ikifa?"

"Haifi, Mang Poncing."

"Mashine yangu ya kunyolea nayo haikufa," akasema Mang Poncing, "mpaka siku ya harusi ya Bwana Geronimo."

Tikyo akaguna, maana kisa hicho alikuwa amekisikia mara nyingi kuliko misa. Mang Poncing alipokuwa kinyozi mchanga alimnyoa bwana harusi asubuhi ya ndoa, na mashine ikafa imefika katikati ya kichwa. Hakuwa na nyingine. Bwana Geronimo alifunga ndoa nusu kichwa, amevaa kofia ya mjomba wake, na kanisani kofia huvuliwa. Picha zipo. Tangu siku hiyo kila kitu dukani kwa Mang Poncing kilikuwa viwili: mashine mbili, nyembe mbili, vioo viwili, hata redio mbili, ingawa moja ilikuwa ya kuangalia tu.

"Nipe yenye picha," akasema. "Kadi tafuta iliyotumika."

Weng alimtazama, akamwona ni mtu ambaye hatageuka, akapandisha miwani. Kadi iliyotumika ilipatikana: nyeusi, feni mbili, mgongo wake wazi bila kifuniko, nukta zote za risasi ya kulehemu zikionekana. Wakaijaribu pale pale mezani, maana Gilmore hakuna anayelipa kabla hajaona kitu kikiwaka, na watu wanne wasiohusika walisimama nyuma yao kutoa maoni. Iliwaka. Mmoja wa wale wasiohusika akampa Mang Poncing mkono wa pongezi.

Ikabaki kasha, na pesa zilikuwa zimebaki za nauli na mishikaki. Weng akaingia stoo, akarudi na kasha zuri tu, imara, isipokuwa kioo cha ubavuni kilivunjikia njiani na hakikuwepo.

"Hili nitakufanyia kama zawadi. Ila halina ubavu."

"Litaonekana kama friji isiyo na mlango," akasema Tikyo.

"Upepo utaingia," akasema Mang Poncing.

Na kweli, kwa joto la kwetu, hilo lilikuwa jibu la maana. Wakapita kwa Tikyo kwanza, wakaiwasha, wakaipakia lile gemu. Ate Luming hakuambiwa, kwa sababu yeye alikwisha kutoa amri kwamba kitu kile kisiguse umeme kabla ya padri. Na padri alikuwa na nafasi Jumamosi tu. Jumamosi ile ile, saa tisa alasiri.

Mang Poncing aliiona hatari? Hakuiona hata kidogo. Alichokiona ni saa mbili nzima kati ya baraka na binti yake, nafasi ya kutosha kunyoa ndevu na kuvaa shati.

Padre Efren alikuwa mtu mwema mwenye mkono mzito. Ubatizo wake ulikuwa na vilio kuliko ubatizo wa padri mwingine yeyote, na Jumapili ya Matawi mabibi waliokaa viti vya mbele walikuja na miavuli. Kinyunyizio mkononi mwake hakikunyunyiza, kilirusha. Aliingia dukani saa tisa, akawapa mkono wote, akaisifu harufu ya tambi, kisha akasimama mbele ya kompyuta. Mang Poncing alikuwa ameiweka juu ya meza ya kunyolea, kati ya poda na vitana, na kwa kuwa alijivunia kila kipande alichokichagua, alikuwa ameugeuza ule ubavu wazi kuwaelekea wageni. Tena, licha ya amri ya dada yake, alikuwa ameiwasha. Kwenye skrini kulikuwa na msitu, na jua, na majani yakipepea laini kabisa.

"Ee, Poncing," padri akasema. "Inapendeza. Huyo ni nguruwe?"

"Ndiye, Padre."

"Tuombe."

Alisali vizuri. Aliombea wanaosafiri, akamtaja Dalyn kwa jina lake lote, Rhodalyn, na Mang Poncing akainamisha kichwa kwa sababu macho yalimchoma. Ndiyo maana hakuona mkono ukipanda. Kwa jina la Baba, maji yakatua kwenye skrini. Na la Mwana, yakampata Tikyo usoni. Na la Roho Mtakatifu, yakaingia ubavuni.

Tak.

Skrini ikawa nyeusi, feni zikasimama, na harufu kama ya nywele zilizoungua ikapanda.

"Amina," akasema Ate Luming.

"Labda umeme wa mtaa umekatika," akasema Padre Efren.

Wote tukainua macho kuitazama feni ya darini. Ilikuwa inazunguka.

"Kwani ilikuwa wazi?" padri akauliza, sasa kwa sauti ndogo.

"Baraka haziui kitu," Ate Luming akadakia. "Kama kimekufa, kilikuwa na ugonjwa wake. Heri kimeonyesha mapema. Poncing, nilikuambia paa!"

Mang Poncing alikuwa mtu wa kujibu. Tulimsubiri ajibu. Alikuwa amesimama ameshika kona ya meza, na uso wake ulikuwa ule ule wa siku ya makaburini, nasema hivyo kwa sababu nilikuwepo siku zote mbili.

"Ate," akasema, "mimi sikununua gemu. Milagring ameondoka na maneno yote ya nyumba hii. Mimi na mtoto tumebaki tunaulizana kuhusu chakula. Nilikuwa na leo tu, nikae karibu naye aongee. Leo tu."

Padre Efren akaweka kinyunyizio chini taratibu kama mtu anayeweka silaha. Ate Luming akaenda kwenye kabati la duka. Alirudi na draya mbili za nywele, kwa sababu dukani kwa ndugu yake kila kitu kilikuwa viwili.

"Haya, msisimame kama nguzo," akasema. "Tikyo, chomoa waya. Padre, shika tochi, na usiguse kitu."

Basi ikawa hivyo. Padri akamulika kwa simu yake. Tikyo, uso bado una maji, akafungua kadi ya picha na kuitoa. Mgongoni mwake, katikati ya zile nukta za wazi, palikuwa na doa jeusi la ukubwa wa punje ya mchele. Hiyo ilikuwa imekwenda. Mang Poncing akachukua brashi ya kupangusia shingo, mpya, ile ya akiba, akafuta tone baada ya tone kwenye ile bodi kuu, na Ate Luming akafuata nyuma na draya ya hewa baridi, akipuliza kwa uangalifu kama anamkausha mtoto mchanga. Aliyekuja kunyolewa aliambiwa akae ale tambi.

"Kizito chako kimejizima chenyewe, kumpare," Tikyo akasema akiwa amepiga magoti. "Kimehisi hitilafu, kikafunga. Kile cha bure kingeondoka na nyumba."

"Figo," akasema Mang Poncing, bila kuinua kichwa.

"Lakini bila kadi huna picha. Ndiyo basi."

Mang Poncing akaacha kufuta. Alisimama na brashi mkononi, akaitazama kompyuta, akawatazama wote mmoja mmoja, kama mtu aliyekumbuka alikoficha ufunguo.

"Bwana Geronimo," akasema.

Akachukua waya wa skrini, ambao mwanzoni ulichomekwa kwenye kadi, akauchomeka kwenye bodi yenyewe, kule ambako prosesa hutolea picha yake hafifu. Padre Efren alianza kuinua mkono kufanya ishara ya msalaba, Ate Luming akaushika mkono huo hewani. Tikyo akarudisha umeme. Mang Poncing akabonyeza.

Iliwaka.

Sitasema ilikuwa nzuri. Gemu lilifunguka baada ya muda wa kuweza kunyoa kichwa kizima, na lilipofunguka, majani hayakupepea tena. Yalikuwa hapa, kisha yakawa pale. Mtu wa Mang Poncing ndani ya gemu, mkata kuni mwenye ndevu, aliinua mguu, akafikiri, akaushusha. Tikyo aliangalia kwa uchungu wa kitaalamu, akasema hawezi kushuhudia, akamshika padri mkono wakatoka nje na sahani zao.

Saa kumi na moja kamili, masikio ya Mang Poncing yakiwa ndani ya vifuniko vya kusikilizia, akasikia kelele.

"Baba! Ni wewe? Umeingia! Umeingia kweli!"

"Nimeingia."

"Mbona husogei?"

"Nasogea. Subiri."

Akasubiri. Mang Poncing akasogea.

"Baba, unatembea kama mzee."

"Mimi ni mzee."

"Si ulisema umenunua kadi ya picha? Iko wapi?"

"Imebarikiwa."

Kisha Dalyn akauliza polepole, "Padre Efren?"

"Mwenyewe."

"Mara zote tatu?"

"Ya kwanza ilikosa. Ya pili alipokea baba yako wa ubatizo."

Dalyn alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka Mang Poncing akaviinua vile vifuniko kidogo kutoka masikioni, na moyo wake ukamjaa kwa furaha, maana kicheko kile kilikuwa hakijasikika nyumba ile tangu msiba.

"Basi usitembee," Dalyn akasema, akipumua. "Kaa hapo kando ya moto. Mimi nitakata kuni, nitakulinda. Wewe kaa tu."

Mang Poncing akakaa. Kwenye skrini binti yake alikuwa shujaa mwembamba mwenye shoka, akionekana kando ya mti huu, kisha kando ya mti ule, bila kuonekana njiani. Masikioni kulikuwa na mlio wa vidole vyake, tik, tik, tik, kama zamani. Alimwambia kuhusu chakula cha bweni. Alimwambia kuhusu mgonjwa mmoja bibi kizee aliyemng'ang'ania mkono akimwita kwa jina la mtu mwingine, na yeye akaitika. Baba hakuuliza kitu. Alijua kazi ya benchi ni kukaa.

"Baba."

"Naam."

"Siku ile ya mama. Simu ilipokatika."

Mang Poncing alikuwa amelisubiri neno hilo kwa miaka miwili, na jibu alikuwa nalo tayari: nisamehe mwanangu, sikuongeza vocha.

"Haikukatika," Dalyn akasema. Mlio wa vidole uliendelea, tik, tik, haraka zaidi. "Niliikata mimi. Nilipoona kamba zinaanza kushuka nikaikata, nikaizima kabisa. Nilikuwa chooni hospitali, nimejifungia. Sikuweza, baba. Wewe umesimama juani umeinua mkono kwa ajili yangu, na mimi nikakuzimia simu. Nimekuwa naona aibu kuongea na wewe."

Mti ukaanguka kwenye skrini, kwanza uko wima, kisha uko chini.

"Nilidhani ni vocha," Mang Poncing akasema.

"Nini?"

"Nilidhani vocha yangu iliisha. Nina simu mbili siku hizi."

Vidole vya Dalyn vikanyamaza. Mang Poncing akamsikia akilia, na yeye akalia, wazi wazi, amekaa kwenye kiti cha wateja na shati lake safi, na hakutafuta kitambaa. Akamwambia asione aibu. Akamwambia hata yeye mwenyewe hakutazama. Aliinua simu, lakini macho yake aliyafumba.

Halafu nguruwe akatokea. Mang Poncing alimwona kando ya kichaka, kisha akamwona karibu zaidi, mnene kweli kweli.

"Dalyn, nguruwe."

"Nimemwona. Usisogee, baba, niko hapa."

"Siwezi kusogea."

Akamwona binti yake amesimama mbele yake na shoka. Nguruwe akawa hayupo. Moto ukaendelea kuwaka kwa vituo, na Dalyn, akivuta kamasi, akarudi kwenye kuni zake, tik, tik, tik, akaanza kusema mambo ambayo mama yake alimwambia usiku wa mwisho kabla ya kusafiri, mambo ambayo baba yake hakuwahi kuyasikia.

Nje mvua ilianza. Ate Luming akaingia na ndoo mkono mmoja na sahani ya tambi mkono mwingine, akaweka ndoo mahali pake pa kawaida chini ya paa, akaja kuinamia skrini ambayo kwa macho yake haikuwa ikifanya lolote.

"Nani anashinda?"

Mang Poncing akafunika kinasa sauti kwa kiganja.

"Kaa chini, Ate," akanong'ona. "Anaongea."